Anajua vita, hajui mtu: jibu kwa mwandishi wa riwaya ya Tanga 1914

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya mapenzi. Zuhura, muuguzi wa Hospitali ya Bombo, Tanga, mwaka 2019, anajikinga mvua kwenye ukuta wa jengo la zamani la Wajerumani. Mvua inapokatika anajikuta Oktoba 1914. Anapendana na Mbaruku, askari wa Wajerumani. Kwa kuwa alisoma historia shuleni, anawaonya kwamba Waingereza wanakuja, na ndiyo sababu Wajerumani wanashinda vita vya Tanga. Mwishoni anarudi 2019 akiwa na Mbaruku. Wenzangu waliosoma mswada wanasema historia ni nzito, mapenzi ni mepesi, na hawashikwi na hofu hata mara moja kwa sababu Zuhura anajua kila kitu. Nirekebishe wapi? Na mwisho wangu unafaa, au nimwache Mbaruku huko, au Zuhura ndiye abaki?

JIBU: Marahaba, mwandishi. Nimesoma muhtasari wako na sura tano ulizoambatanisha. Wenzako wameona ugonjwa, ila naona wamekosea chanzo. Zuhura hajui mengi mno. Anayoyajua hayana faida pale alipo, na yale ambayo angekuwa radhi kukatwa mkono ayajue, hakuna kitabu kitakachomwambia. Wewe umempa yale ya kwanza, ukamnyima yale ya pili. Hofu ya msomaji imepotelea hapo.

Tuanze na lile onyo. Tarehe 2 Novemba 1914, siku ya Jumatatu, manowari ya Kiingereza Fox iliingia Tanga ikiwa na bendera nyeupe. Nahodha wake, Caulfeild, alikuja kusema kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamevunjwa, akampa mkuu wa wilaya, Auracher, muda wa kujisalimisha. Auracher aliaga kwa adabu, akampelekea habari Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, akavaa sare. Waingereza nao wakapoteza muda wakitafuta mabomu ya majini ambayo hayakuwamo. Wakati huo treni za reli ya Usambara zilikuwa zinashusha askari kutoka Moshi. Kwa hiyo, ile siri ambayo Zuhura anaivujisha kwa kunong'ona katika sura yako ya tatu, akitetemeka, adui mwenyewe aliitangaza mchana kweupe. Kila muuza samaki wa Tanga aliijua kabla ya adhuhuri.

Na hata kama isingejulikana, ningekushauri uitoe. Watu wapatao 8,000 waliotoka India, wengi wao wakiwa wameteswa na bahari kwa majuma, walizuiwa na kikosi cha watu kama 1,000 ambacho sehemu kubwa kilikuwa askari Waafrika. Baadhi yao walikuwa bado wanatumia bunduki za zamani za baruti nyeusi, zile ambazo ukipiga risasi moja tu moshi unakutangaza ulipo. Unaweza kuwalaumu kwa kumpigania mkoloni, na nitalifikia hilo, lakini kazi yao waliifanya wenyewe. Msafiri wa wakati anayekuja kuwashindia watu vita vyao huwa anawanyang'anya. Hadithi za namna hii huanguka mara nyingi mno kwenye shimo hilo, na kwa sisi Waafrika shimo ni refu zaidi, maana tayari vitabu vya vita ile vimejaa majenerali.

Sasa jiulize: Zuhura anajua nini hasa? Anajua nani atashinda Tanga. Anajua kwamba Waingereza watarudi na kuuteka mji Julai 1916, na Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo. Huenda anajua kwamba Lettow-Vorbeck atajisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimama Ulaya. Anajua tarehe, miji na majina ya wakubwa. Akitafuta jina la Tom von Prince, afisa wa Kijerumani ambaye watu wetu walimwita Bwana Sakarani, atalipata: aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba. Akitafuta jina la Mbaruku hatalipata popote. Askari waliokufa siku ile wamebaki idadi tu, na wapagazi kwa sehemu kubwa hata idadi hawakuipata kwa wakati wake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao Wazungu.

Hiyo ndiyo riwaya yako. Muuguzi anajua vita vyote kuanzia risasi ya kwanza hadi ya mwisho, na hajui kama mwanamume anayemmiminia maji ya kunawa ataiona Ijumaa. Kila akijaribu kukumbuka alichosoma, anakutana na jenerali. Andika hivyo, uone kama kuna msomaji atakayekuambia hana hofu.

Kuhusu nyuki, najua utaniuliza. Ndiyo, nyuki walitoka mizingani tarehe 4 na kuwauma watu wa pande zote mbili, na hapana, hawakutumwa na Wajerumani kwa mtego wa kamba. Waweke ukurasa mmoja upite. Kila anayeandika Tanga huanza na nyuki na kumaliza na nyuki.

Ukitaka zawadi ambayo historia imekuwekea mlangoni, ni usiku uliofuata, na wewe umeuruka kwa sentensi moja: "Usiku ulipita wakalala." Jioni ile tarumbeta ilipigwa, ikaeleweka vibaya, na kombania za Wajerumani zikarudi nyuma mpaka kambini Kange, kulekule ilipo stendi ya mabasi leo. Waingereza hawakujua. Kwa saa kadhaa mji wa Tanga ulikaa mtupu katikati ya majeshi mawili, milango wazi, maiti barabarani, na mwezi. Mwezi ulikuwa umepevuka siku mbili kabla. Ilikuwa Mfungo Tatu, nusu ya mwezi imepita, na Idi Kubwa imekwisha karibu wiki moja tu, kwa hiyo katika nyumba zilizokimbiwa bado kuna harufu ya sherehe. Mwandishi wa mapenzi anaombea usiku kama huo maisha yake yote.

Na hapo hapo wakati wenyewe unakupa kisa ambacho hakihitaji mashine yoyote. Mbaruku, kabla ya mapigano, amwambie Zuhura: "Tukutane usiku wa Alhamisi, penye forodha." Kwa watu wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Alhamisi ni ule unaoingia Jumatano magharibi. Sisi leo tungesema usiku wa kuamkia Alhamisi. Zuhura amekulia kwenye kalenda ya simu, ambako siku hugeuka saa sita za usiku. Bibi yake angemwelewa Mbaruku mara moja. Yeye anaelewa Alhamisi baada ya swala ya isha, yaani siku nzima baadaye. Mbaruku anajitenga na kombania inaporudi Kange, anakaa forodhani katika mji usio na mtu, anangoja mpaka alfajiri. Zuhura yuko hospitalini anafunga vidonda, moyo umetulia, akiamini miadi ni kesho. Alhamisi usiku anafika forodhani. Waingereza wamekwisha rudi melini, kombania zimerudi mjini, walinzi kila kona. Mtu aliyevuka zaidi ya miaka mia moja amekosana na mpenzi wake kwa siku moja. Hakuna msomaji wa Kiswahili ambaye hilo halitamchoma, na halihitaji maelezo ya kisayansi hata mstari mmoja.

Tumrudie Zuhura siku anapofika, kwa maana umempitisha kirahisi mno. Katika sura ya pili anaingia sokoni, anasema amepotea, mama mmoja anamkaribisha chai. Ukarimu upo, sikatai. Lakini swali la kwanza angeulizwa lipo pia: "Binti nani? Wa ukoo gani?" Mwanamke kijana aliyejitokeza peke yake, asiye na baba wa kutajwa, asiye na mjomba, asiye na mtaa, angeonekanaje mwaka 1914? Kumbuka utumwa ulikuwa haujafutwa. Wajerumani walitangaza kwamba watoto wanaozaliwa baada ya 1905 ni huru, wakaishia hapo. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja chini ya Waingereza mwaka 1922. Wengi wangemwona Zuhura kuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Hata nguo atakayopewa itasema jambo, kwani kaniki na kanga hazikuwa na heshima moja. Ndoa nayo: nani atakuwa walii wake? Nani atapokea mahari? Mapenzi yao katika mswada yana kikwazo kimoja tu, nacho ni wakati. Ya kweli yangekuwa na kadhi, majirani na ukoo usiokuwapo.

Kisha mazungumzo. Usijitie katika Kiswahili cha kale cha kubuni, kila mtu anasema "ewe muhibu". Zuhura azungumze kama alivyofundishwa shule, na lafudhi yake iwe hatari. Kiswahili sanifu kilichaguliwa kutoka Kiunguja, katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Kwa hiyo watu wa Tanga wa 1914, wenye Kimrima chao, wakimsikia watasema, "Huyu katoka Unguja." Na Unguja wakati huo ni kwa Waingereza. Wiki chache kabla, tarehe 20 Septemba, meli ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha manowari Pegasus palepale bandarini Unguja. Binti asiye na ukoo, mwenye matamshi ya Unguja, anayejua mambo ya vita kabla hayajatokea: huyo anaitwa jasusi, na Wajerumani walikuwa na kamba. Unaona jinsi onyo lake lile, badala ya kuwashindia vita, lingeweza kumnyongesha? Likitaka kubaki katika riwaya, libaki hivyo, na Mbaruku ndiye awe amelisikia na kulazimika kuchagua kati ya kiapo chake na huyu mwanamke.

Ukitaka kusikia lugha ya pwani ya kule ilivyosimulia vita, msome Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Mtang'ata, utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima. Ni wa kizazi kilichotangulia, lakini babu zake Mbaruku wangeukariri. Usinakili maneno. Sikiliza wanavyotukanana na wanavyoomboleza.

Sasa Mbaruku mwenyewe. Umemfanya mzuri, mrefu, mpole, yatima. Umesema ana miaka 30. Basi mwaka 1905 alikuwa na 21, na umesema amekuwa askari tangu ujana. Alikuwa wapi wakati wa Maji Maji? Sauti yako ilisita pale katika sura ya nne, ukaandika kwamba "aliyaona mengi ya kusini." Mengi gani? Jeshi lile lilichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio hufika hadi 250,000 na zaidi. Zuhura, kama kila mtoto wa Tanzania, amekariri majina ya mashujaa walionyongwa Songea mwaka 1906. Halafu anakaa usiku karibu na mtu ambaye huenda alishika kamba. Huna haki ya kulificha hilo ili mapenzi yawe matamu. Lipe sura nzima. Asikane, asijitetee kwa hotuba, na Zuhura asisamehe ukurasa huohuo. Mapenzi yatakuwa na uzito ambao wenzako wameukosa. Kama huwezi kumbeba mhusika wa namna hiyo, mfanye mpagazi badala ya askari, nami sitakulaumu. Lakini naamini unaweza.

Uzito mwingine unatokana na kuhitajiana. Katika sura zako Zuhura anafundisha, Mbaruku anashangaa. Anamweleza vijidudu, anamweleza uhuru, anamweleza ndege. Mwanamume anayeshangaa kwa kurasa mia mbili hapendeki, anahurumiwa. Mpe Mbaruku mambo ambayo Zuhura hayawezi. Nitakupa moja. Funza. Waliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kutoka magharibi, na katika vita ile walikula vidole vya miguu vya maelfu. Zuhura amesoma habari zao chuoni, ila hajawahi kuwa nao. Siku ya kumi ya kutembea peku anawashwa, anajikuna, anaona doa jeusi kwenye ukingo wa kucha. Mbaruku anaketi, anauweka mguu wa Zuhura juu ya goti lake, anatoa mwiba kwenye kofia.

"Usitazame."

"Mimi ni muuguzi."

"Ndiyo maana nakwambia usitazame. Utanifundisha."

Anazungusha mwiba taratibu pembeni ya mfuko wa mayai bila kuupasua, kwa sababu ukipasuka kidonda kitaoza. Zuhura anayajua yote hayo, na mikono yake mwenyewe isingeweza kufanya kwa ustadi huo. Anapaka majivu. Haondoi mguu wa Zuhura gotini mara moja. Basi, umemaliza, usiongeze "nakupenda, wewe ndiye kila kitu kwangu" kama ulivyomsemesha ukurasa wa 61. Yale ni ya tamthilia za saa tatu usiku.

Na Zuhura ana nini ambacho Mbaruku hana? Ana uuguzi, jamani! Umempa kazi nzuri kuliko zote kwa hadithi ya vita kisha umemgeuza mwalimu wa historia. Fikiria anachoweza kufanya bila umeme wala kiwanda. Penisilini hana, itagunduliwa 1928. Kwinini ipo, Wajerumani waliitengeneza kutoka magome ya miti ya Amani, Usambara, ingawa uchungu wake una sifa. Kilichoua wapagazi zaidi ya risasi ni kuhara, malaria na kichomi, kwenye miili iliyobeba kilo 25 hadi 30 kichwani na kulishwa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, ukapikwa nusu kwa haraka. Hapo Zuhura ana kitu ambacho madaktari wa majeshi yote mawili hawakuwa nacho: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Maji hayo hayaui vijidudu vya kuhara damu. Yanamzuia mtu asikauke wakati mwili wake unapigana, na wengi walikufa kwa kukauka. Ujuzi wa kumnywesha mgonjwa hivyo ulienea duniani baada ya miaka ya 1960. Kila mama mwenye mtoto mchanga Tanga leo anaujua.

Vita tele iko ndani ya hicho kijiko. Sukari katika nchi iliyozingirwa na manowari inatoka wapi? Nani ataiiba? Akiwa na sukari ya wagonjwa watano na wamelala arobaini, anachagua nani? Mbaruku akiwa mmoja wao, anachaguaje mbele ya wengine? Huhitaji tena kitendawili cha kubadilisha historia. Anaibadilisha kila asubuhi, mtu mmoja mmoja, na hakuna atakayeiandika.

Kwa sababu hiyo nashauri usiishie Tanga. Vita ya Tanga ni siku nne. Mapenzi yanataka muda. Tumia Tanga kama theluthi ya kwanza, ruka hadi 1916, mji ukianguka, Mbaruku akirudi nyuma na jeshi lake kuelekea kusini na Zuhura akifuata. Usiogope hilo: wake wa askari walifuatana na kombania, wakabeba vyombo, wakapika, wakazaa njiani. Kisha mkamatishe Mbaruku kwa Waingereza. Mwaka 1917 walianzisha kikosi cha sita cha Keya (King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika) kwa kuwaandikisha askari waliokuwa wa Wajerumani, kwa hiyo kuna mlango wa yeye kubadilisha sare, na aibu au ahueni inayofuatana nao. Au apoteze uaskari kabisa, aishie kubeba mizigo. Dar es Salaam kambi ya wapagazi, Carrier Corps, ilikuwa pale ambapo wewe na mimi tunanunua mchele leo, Kariakoo. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi wapatao 95,000 walikufa, na wengi hawakufika kuchukua ujira wao. Zuhura akipita kwenye safu za watu waliolala Kariakoo akitafuta uso mmoja, msomaji wako wa Dar ataujua mtaa ule kwa namna nyingine. Ukifika Dodoma mwaka 1917 au 1918, uliza habari za Mtunya, njaa iliyowapata Wagogo baada ya majeshi kupita na kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana. Huko sitaki kukuongoza. Wazee wenyewe wanasimulia vizuri zaidi.

Kanuni za safari yenyewe sina mengi. Mvua yako inatosha. Wengine wangekupeleka kwenye mapango ya Amboni au magofu ya Tongoni kwa sababu yana mizimu, na pengine ungepata kurasa nzuri, lakini ukuta wa hospitali ni wa mahali pake pa kazi na unamfaa. Chagua sheria moja tu na uitii mpaka mwisho. Mimi ningechagua hii: kinachovuka ni kilichoandikwa mwilini na kilichoshikwa mkononi. Kovu la chanjo linavuka. Simu inavuka na inakufa siku ya pili, tuachane nayo. Mtu hashikiki mkononi.

Hapo nimekwisha gusa swali lako la mwisho. Mbaruku asije 2019. Ukimleta utalazimika kuandika kurasa za mtu anayeshangaa bodaboda, na tutacheka, na vita yote uliyoijenga itakuwa maandalizi ya kichekesho. Zuhura asibaki pia. Akibaki kwa hiari, ana dawa ya maelfu kichwani na wewe utalazimika kueleza kwa nini dunia haikuijua. Na nakuomba kwa jina la Mola, usithubutu kugundua mwishoni kwamba Mbaruku alikuwa babu yake mzaa babu. Wapo waliojaribu. Haramu ni haramu hata ukivuka karne.

Mrudishe peke yake, akiwa na kilichokuwa mkononi: barua. Mbaruku alisoma chuo cha Kurani, kwa hiyo anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama watu wengi wa pwani wa wakati wake, wakati Zuhura ameshikilia zile za Kirumi za shule na za gazeti la Kiongozi lililokuwa likipigwa chapa Tanga. Herufi za madrasa anazijua. Lakini barua haina irabu, na alama moja inaweza kuwa b, p au mb. Anaisoma kidogo kidogo mwaka 2019, jioni baada ya zamu, na kila neno lina njia mbili au tatu. Katika sentensi ya mwisho, njia moja inasema Mbaruku anakwenda kusini na kombania, nyingine inasema haendi. Herufi hizo uzitafutie mtu anayezijua kweli, zikae sawa, maana wasomaji wa pwani watakukamata.

Kisha mpe mwaka 1964. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wazee waliokuwa hai malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba mhasibu aliyetumwa Mwanza alikuta wengi hawana vyeti. Akawapa ufagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na mikono yao ikajibu. Wapagazi hawakuwamo katika malipo hayo. Mbaruku wako angekuwa na miaka 80. Bibi yake Zuhura angekuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na bibi huyo yuko hai mwaka 2019, ndiye aliyemlea. Acha Zuhura amuulize kama aliwahi kusikia habari za wazee waliokwenda kupokea fedha za Wajerumani. Bibi atajibu anavyojibu mtu aliyekuwa na mambo yake mwaka 1964: anamkumbuka mmoja aliyekataa kwenda, akisema aliwahi kuwa mpagazi, na mpagazi halipwi. Jina amelisahau. Usimkumbushe. Msomaji ajenge mwenyewe.

Kwa kazi ya mezani, andika upya sura ya tano kwanza, ile ya miadi, maana ndiyo itakayokuonyesha sauti za hawa wawili. Baada yake mguu na mwiba. Zile kurasa thelathini za mwanzo kuhusu Mkutano wa Berlin wa 1884 zitoe zote. Nimezitafuta kazi, sikuiona. Ukimaliza sura ya tano, nitumie hiyo peke yake.